Anayetaka Aseme Amina
Ibada ya kila siku katika shule za msingi za Kanisa la Uingereza

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia na wazazi walioko katika halmashauri za shule. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niwaeleze jinsi ibada ya kila siku inavyofanywa katika shule za msingi za Kanisa la Uingereza, yaani lile kanisa ambalo wamisionari wake walituletea Uanglikana. Wengine wenu mnajua kwamba dayosisi ya Chelmsford, mashariki mwa Uingereza, ina uhusiano wa kidugu na dayosisi zetu za Embu, Kirinyaga, Mbeere na Meru. Wageni wao huja kwetu, nasi huenda kwao. Kwa njia hiyo nami nilipata kwenda, nikakaa majuma matatu, na karibu kila asubuhi nilikuwa katika shule moja ya kijiji.

Najua kuna mtu anayejiuliza moyoni: sisi tulikuja kusikia habari za mbuzi wa maziwa na matangi ya maji, sasa ibada ya watoto wa Uingereza yatuhusu nini? Ngojeni kidogo. Kila kikundi kilichoko hapa hufungua mkutano wake kwa maombi. Tena wengi wenu mmo katika halmashauri za shule ambazo kanisa ni mdhamini wake. Kwa hiyo swali la wale watoto ni swali lenu pia. Watu wa imani mbalimbali wakiketi mahali pamoja, wataombaje bila mmoja kumkanyaga mwenzake?

Sheria ya kushangaza

Nikisema Uingereza leo nina maana ya England peke yake, si Scotland wala Wales, maana wale wana mambo yao.

Sisi huku tumezoea kusema kwamba Wazungu wamemwacha Mungu, na makanisa yao yamegeuzwa maduka na nyumba za kupanga. Ukweli upo kiasi. Mwaka 2023 watu waliohudhuria ibada za Kanisa la Uingereza kwa juma, kwa wastani, hawakufika 700,000, na nchi ile ina watu zaidi ya milioni 55. Lakini sikilizeni hili. Kanisa hilohilo lina shule zipatazo 4,600, nyingi zikiwa za msingi, na ndani yake mna watoto karibu milioni moja. Katika kila shule nne za msingi zinazolipiwa na serikali, moja hivi ni ya Kanisa. Na sheria ya nchi inasema kila mwanafunzi aliyeandikishwa ashiriki ibada ya pamoja kila siku ya masomo. Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Jumanne ya kawaida, watoto wanaoketi ibadani shuleni ni wengi kuliko watu wote wanaoingia makanisani mwao juma zima.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1811, wakati serikali yao ilikuwa haijishughulishi na elimu ya watoto wa maskini, watu wa Kanisa waliunda chama kilichoitwa National Society, nia yake ikiwa kila parokia iwe na shule. Huyu alitoa kiwanja, yule mawe, mwingine fedha. Sisi tungeiita harambee. Ndiyo sababu hadi leo katika vijiji vingi utakuta shule imesimama karibu kabisa na kanisa, ukuta kwa ukuta. Serikali ilikuja nyuma: ni sheria ya mwaka 1870 iliyoanza kuweka shule za umma pale ambapo hazikuwako. Na angalieni, sheria hiyohiyo ya 1870 ndiyo iliyompa mzazi haki ya kumtoa mtoto wake katika mafundisho ya dini na ibada bila mtoto kukosa nafasi yake shuleni. Kwa hiyo haki ya kukataa ni ya kale kuliko amri ya kuabudu.

Amri yenyewe ilikuja mwaka 1944, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea. Waziri wa elimu alikuwa R. A. Butler. Wakati ule Kanisa lilikuwa na majengo mengi mabovu na fedha kidogo. Ndipo wakapatana. Shule za namna moja zikabaki na uhuru mkubwa wa mambo ya dini, lakini Kanisa lilipe nusu ya gharama za kujenga na kutengeneza. Siku hizi sehemu hiyo imeshuka hadi asilimia 10. Shule za namna ya pili zikaingia chini ya serikali za mitaa kwa gharama zote, na Kanisa likabaki na viti vichache katika halmashauri. Lakini katika namna zote mbili ibada ilibaki ya mapokeo ya Kanisa. Sheria ile ikasema kila siku ya shule ianze kwa ibada ya pamoja, si katika shule za Kanisa tu, bali hata zile za serikali.

Mwaka 1988 sheria ilirekebishwa. Ibada sasa yaweza kufanywa saa yoyote ya siku ya shule, na watoto waweza kukutana wote pamoja au kwa mafungu. Sheria inayotumika leo ni ya mwaka 1998. Shule nyingi siku hizi zimekuwa akademi, maana yake hupokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu, na kwao sharti hilo limeandikwa ndani ya mkataba. Haya ya sheria nayaacha hapo, nisije nikawalaza usingizi.

Ndani ya ukumbi

Msidhani nitawapeleka katika kanisa kubwa lenye madirisha ya rangi. Ibada inafanywa katika ukumbi wa shule, na ukumbi ule ni wa kazi zote. Ukutani zimefungwa ngazi za mbao za kufanyia mazoezi ya viungo. Pembeni zimekunjwa meza za chakula cha mchana, na kama ni karibu na saa sita utasikia harufu ya kabichi kutoka jikoni. Sakafu ndiyo viti.

Watoto huingia darasa kwa darasa, bila kelele, muziki ukilia polepole. Wale wadogo kabisa, wa miaka minne na mitano, huketi mbele wakiwa wamekunja miguu. Wakubwa wa darasa la sita, wenye miaka kumi na kumi na mmoja, huketi nyuma kwenye mabao marefu. Mbele kuna meza ndogo iliyofunikwa kitambaa, na rangi ya kitambaa hubadilika kufuata majira ya kanisa: zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe wakati wa Pasaka, kijani siku za kawaida. Juu yake kuna msalaba mdogo na mshumaa.

Mtoto mmoja wa darasa la sita huja na kuuwasha mshumaa, mwalimu akimsimamia na kiberiti. Katika shule nyingi mishumaa ni mitatu, au ni mmoja wenye tambi tatu, kwa ajili ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kiongozi husalimu kwa salamu ile ya ibada zetu, kwamba Bwana awe nanyi, na watoto wanaitikia. Kisha wimbo. Kisha hadithi.

Asubuhi moja hadithi ilikuwa ya Zakayo juu ya mkuyu. Mwalimu mkuu hakuhubiri. Aliuliza maswali tu. "Unadhani Zakayo alijisikiaje pale juu?" Mtoto mmoja akasema aliona aibu. Mwingine akasema hapana, alifurahi kwa sababu angeona watu wote na wao wasimwone. Msichana mdogo wa mbele akainua mkono akasema labda aliogopa kuanguka. Watu wakacheka, hata yeye. Mwalimu akauliza tena: "Na wale waliomchukia kwa sababu aliwatoza kodi ya uwongo, walijisikiaje walipoona Yesu anaenda kula kwake?" Hapo ukumbi ulinyamaza. Mvulana wa nyuma akasema, "Mimi ningekasirika." Mwalimu akasema, "Asante kwa kusema kweli." Akaliacha hivyo, bila kumrekebisha.

Mimi nilitamani amalizie, maana sisi tumezoea hadithi iwe na fundisho lake mkiani kama mbuzi na mkia wake. Hakumalizia. Alisema, "Tukae kimya kidogo, kila mtu afikirie ni nani darasani mwake ambaye huketi peke yake." Watoto mia mbili hivi wakakaa kimya. Nilitazama saa, ilikuwa karibu nusu dakika, na nusu dakika ya kimya cha watoto mia mbili ni ndefu jamani.

Sasa ndiyo nafika pale nilipotaka kuwafikisha. Kabla ya kuomba, mwalimu mkuu alisema maneno haya, nami nilimsikia akiyarudia karibu kila siku: "Sasa nitaomba. Kama ungependa maombi haya yawe yako, sema Amina mwishoni. Kama sivyo, kaa kimya na ufikirie kwa njia yako." Halafu akaomba kwa sentensi tatu nne, fupi. Wengi wakasema Amina. Wengine hawakusema. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Mshumaa ukazimwa, wakatoka. Yote yalikuwa dakika kumi na saba.

Siku si zote zinafanana. Jumatatu aliongoza mwalimu mkuu. Siku moja ya juma huja kasisi wa parokia. Siku nyingine ni ya kujifunza nyimbo, na siku nyingine kila darasa hufanya ibada yake chumbani mwake. Ijumaa ni siku ya kuwapongeza waliofanya vizuri na waliozaliwa juma lile. Kisha kuna kundi la watu wa kanisani, wengi wao wastaafu, ambao huja kuigiza hadithi za Biblia. Mpango huo unaitwa Open the Book na huendeshwa na Chama cha Biblia cha huko. Mzee wa miaka sabini anajifunga kitambaa cha kupangusia vyombo kichwani, basi amekuwa Musa! Watoto humpenda kupita kiasi. Nawaambieni, kama kuna jambo moja ambalo wazee wetu waliostaafu wangeweza kulianza kesho bila kuomba msaada wa mtu yeyote, ni hilo.

Wanafunzi wenyewe nao wana kamati ya ibada. Wanachagua nyimbo, wanapanga meza, na baada ya ibada wawili wao huandika daftarini: wenzetu walisikiliza? Hadithi ilieleweka? Nilisoma ukurasa mmoja ulioandikwa kwamba kasisi aliongea muda mrefu mno. Kasisi mwenyewe ndiye aliyenionyesha, huku akicheka.

Ibada hutoka nje ya ukumbi pia. Wakati wa sikukuu ya mavuno, kati ya Septemba na Oktoba, kila mtoto huleta mkebe wa chakula, maharagwe au supu au samaki, na mikebe hupelekwa kwa wasiojiweza. Msishangae. Uingereza nako kuna familia zinazopanga foleni kupewa chakula cha msaada. Na karibu na Krismasi kuna ibada ya machungwa, iitwayo Christingle. Mtoto hushika chungwa, ambalo ni dunia. Limezungushiwa utepe mwekundu, ambao ni damu ya Kristo. Vijiti vinne vyenye peremende au matunda makavu ni majira ya mwaka na mazao ya nchi. Juu kuna mshumaa, ambao ni nuru. Desturi hii ilianzia kwa Wamoravia huko Ujerumani mwaka 1747, na katika Kanisa la Uingereza ililetwa mwaka 1968 na shirika la kanisa la kusaidia watoto, The Children's Society, nalo hupata sadaka katika ibada hizo. Mahali pengine siku hizi hawawashi mishumaa bali hutumia vijiti vya plastiki vinavyong'aa, kwa kuogopa nywele za watoto kushika moto. Kusema kweli mimi napenda mshumaa.

Kukusanyika si kuwa ukoo mmoja

Katika shule niliyokaa watoto wengi walikuwa wa familia ambazo haziendi kanisani kabisa. Waislamu walikuwa wachache, na Wahindu wawili watatu. Lakini katika miji kama Blackburn na Birmingham ziko shule za Kanisa ambazo wanafunzi walio wengi ni Waislamu, na wazazi wao wamezichagua wakijua ni za Kanisa. Wengi husema afadhali shule inayomtaja Mungu kuliko isiyomtaja.

Inawezekanaje? Hapa kuna neno ambalo Kiswahili chetu hulificha. Sisi tunasema "ibada ya pamoja" kwa mambo mawili tofauti. Jumapili tunapokutana kwa Ushirika Mtakatifu, sisi ni mwili mmoja: tumebatizwa, tunakiri imani moja, tunakula mkate mmoja. Hiyo ni ibada ya walioamini. Sheria ya Uingereza haikutumia neno la namna hiyo. Ilitumia neno linalomaanisha mkusanyiko. Watu wa sokoni wamekusanyika, lakini hawakuzaliwa tumbo moja. Huyu ameleta ndizi, yule ameleta kuku, na wa tatu ametembea tu. Ibada ya shule ni ya watu wa namna hiyo. Huwezi kudhani kila aliyeketi pale anaamini, na ukiomba kana kwamba wote wanaamini umewafundisha watoto kusema uwongo mbele ya Mungu.

Mwaka 2021 Kanisa la Uingereza lilitoa mwongozo juu ya jambo hili. Unasema ibada ya shule iwe ya kuwajumuisha wote, iwe ya kualika, na iwe ya kutia moyo. Neno la katikati, kualika, ndilo lenye kazi. Ukimwalika mtu chakula anaweza kusema ameshiba, na bado ataketi nawe. Ukimlazimisha, siku nyingine ataona moshi wa jiko lako apite njia nyingine.

Wala msifikiri kwa sababu hiyo wamelificha jina la Yesu. Hapana. Hadithi ni za Biblia, msalaba upo mezani, Sala ya Bwana husemwa. Wakaguzi wa Kanisa huja kuangalia kama ibada inafanywa na kama ina maana kwa watoto na kwa walimu. Mwalimu mkuu aliniambia ni rahisi kualika ukiwa na chakula chenyewe mezani. Asiye na chakula anamwalika nani?

Mahali panapouma

Sasa nisiwape picha ya sukari tupu. Kule kuna watu wengi wasioitaka sheria hii, na hoja zao si za kutupwa.

Mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake katika ibada, na hatakiwi kueleza sababu. Imeandikwa vizuri sana. Lakini mwangalie mtoto mwenyewe. Wenzake mia mbili wamekwenda ukumbini kuimba, yeye ameketi pembeni ya maktaba na kitabu, msaidizi wa mwalimu akimwangalia. Ana miaka sita. Hajui habari za sheria ya 1998. Anachojua ni kwamba wote wako kule na yeye yuko hapa. Haki ile ni ya kweli, lakini anayeilipia ni mtoto.

Jambo hili lilifika mahakamani. Katika mkoa wa Oxfordshire kulikuwa na shule, si ya Kanisa, ila ilikuwa imeingia chini ya usimamizi wa chombo cha shule cha dayosisi. Wazazi wawili waliona ibada zake zimezidi. Wakafungua kesi, na mwaka 2019 ikamalizwa kwa mapatano kabla ya kusikilizwa: shule ilikubali kuwapa watoto wasiohudhuria ibada shughuli nyingine yenye maana, si kuwaketisha tu. Mimi nasema lilikuwa jambo la haki, na halikuhitaji wakili. Mtu angelikubali kwa kikombe cha chai. Kabla ya hapo, mwaka 2016, kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za watoto iliishauri Uingereza iondoe sheria inayowalazimisha watoto kuhudhuria ibada. Serikali haikuiondoa.

Katika sekondari mambo ni mengine tena. Mwaka 2004 mkaguzi mkuu wa shule, David Bell, alisema wazi kwamba karibu robo tatu ya sekondari hazitimizi sheria ya ibada ya kila siku. Nyingi hazina hata ukumbi wa kuwatosha wanafunzi wote. Ni katika shule za msingi, hasa za Kanisa, ndiko jambo lenyewe linaishi. Nami nafikiri linaishi si kwa sababu ya sheria. Sheria inaweza kuwakalisha watoto sakafuni, lakini kuwanyamazisha kwa nusu dakika wakimfikiria mwenzao anayeketi peke yake, hilo sheria haiwezi.

Na sisi je?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, na inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Wengi wetu tunakijua kifungu hicho wakati sisi ndio tunaobanwa. Tukiwa wengi twakisahau. Shule zetu nyingi zilianzishwa na makanisa, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 inamtambua mdhamini, na kumpa nafasi ya kulea mambo ya kiroho. Ni sawa. Lakini paredi ya Ijumaa ikigeuka mkutano wa injili wa saa nzima, na mtoto wa Kiislamu au wa dhehebu lingine ameambiwa afumbe macho na kurudia maneno baada ya mhubiri, hapo hatualiki tena. Nyinyi mlio katika halmashauri mnaweza kumwuliza mwalimu mkuu swali moja dogo: asiyetaka kuomba hufanya nini wakati huo? Kama hakuna jibu, tafuteni jibu pamoja naye. Kumwambia mtoto "kaa kimya ufikirie" hakugharimu hata shilingi.

Nitawapa habari moja ya nyumbani, bila kutaja kikundi. Ni cha akina mama ishirini na wawili, wanafuga kuku na wana meri-go-raundi ya kila juma. Walikuwa na sheria nzuri ya wakati: ukichelewa, faini shilingi hamsini. Na maombi ya kufungua yalikuwa marefu, dakika ishirini, wakati mwingine zaidi, pamoja na mapambio. Kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mwaminifu katika mikopo kuliko wengi wao. Yeye alikuwa akifika kila mara baada ya maombi. Kila mara analipa hamsini. Hakulalamika. Akitoa, akiketi.

Ni mweka hazina aliyegundua. Alipofunga hesabu za mwaka aliona kwamba katika mfuko wa faini, karibu fedha yote ilitoka kwa mtu mmoja. Akamwendea nyumbani, si mkutanoni, akamwuliza, "Mama, kwani shida ni nini?" Yule mama akamjibu kwa upole, "Mimi nalipa ili nisiwaudhi mkiomba, na nisimuudhi Mungu nikiitikia nisichoamini. Ni bei ndogo."

Waliposikia hilo akina mama walinyamaza. Halafu wakabishana majuma mawili, na si kidogo. Mmoja alisema tukipunguza maombi tutakosa baraka, kuku watakufa. Mwingine akasema fedha ya faini ile ndiyo itakayoua kuku. Mwishoni walipatana hivi. Majina yaitwe kwanza, saa nane kamili, kisha maombi. Kwa hiyo anayetaka kuketi nje wakati wa maombi atakuwa amekwisha hesabiwa kuwa amefika. Maombi yawe mafupi, na kabla ya kuanza kiongozi aseme wazi kwamba anaomba kwa jina la Yesu, na ambaye si wa imani hiyo aombe kwa moyo wake. Wanaotaka mapambio wabaki baada ya mkutano, waimbe hadi jua lishuke. Na zile fedha za faini? Walipiga kura kumrudishia. Alikataa kuzipokea, zikanunua chakula cha vifaranga.

Siku hizi mama yule haketi nje. Huingia na kuketi ndani wakati wa maombi, mikono magotini, kimya. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ila mpaka sasa hawajapatana ni nani atakayefunga mkutano, maana kuna waliopendekeza naye apewe zamu, na wako wasiotaka kulisikia. Juzi nilikuta bado wanalijadili.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, wale watoto wa Uingereza wakikua wanakuwa waumini? Nilimwuliza kasisi wa kule swali hilohilo. Akaniambia wengine hurudi kufunga ndoa, wengine huleta watoto wao kubatizwa, na wengi hawaoni tena kanisani. Lakini alisema akikutana nao dukani, watu wazima wenye ndevu, bado wanamkumbusha nyimbo za ukumbini, na yule mzee aliyekuwa Musa.

Mwenyekiti, nimekuona ukitazama saa. Kuna mkono pale nyuma, na yule mama mwenye kitambaa cha kijani alitangulia kuuinua.